Mcheza Kwao Hutunzwa, Hata Akistaafu

Kuta za sebule zetu zina maneno mengi. Mgeni akikaribishwa katika nyumba ya Kikristo hapa Upanga, kabla hajaletewa maji ya kunywa huwa ameshausoma ukuta: picha ya harusi, kalenda ya kanisa, cheti cha mtoto cha darasa la saba, picha ya Bwana Yesu akiwa na kondoo begani, na mara nyingi picha ya Baba wa Taifa. Nyumbani kwetu ipo picha moja zaidi, nayo imetuletea maswali mengi kuliko zote. Ni picha ya kuchorwa, iliyopigwa chapa kwenye karatasi nene na kutiwa fremu ya kioo, ya mchezaji mpira aliyestaafu zamani. Jina lake limeandikwa chini kwa herufi kubwa: PETER TINO. Chini ya jina pameandikwa: NDOLA, 1979.

Akina mama wenzetu wa kikundi cha kanisani walipoiona mara ya kwanza, mmoja alicheka na mwingine akauliza kama huyo ni ndugu yetu. Wa tatu, ambaye ni mtu wa maombi na hatoi neno bila kulipima, aliuliza hivi: "Jamani, hii si sanamu? Mpira umeshakuwa dini ya waume zetu. Siku ya Simba na Yanga hata vikao vya kanisa vinakosa watu. Sasa na ukutani tuwatundikie?"

Ni swali la haki, na tunajua kwamba halikuulizwa Upanga peke yake. Kwa hiyo tunaomba tulijibu mbele ya wasomaji wote, maana majibu yake yametufundisha jambo kuhusu wazee wetu, kuhusu fedha za kanisa na kuhusu kidonda.

Bao lililosikika kwa masikio

Kwa wale ambao mpira si jambo lao, tueleze kwa kifupi. Mwaka 1979 timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilikuwa inawania kwenda kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizokuwa zifanyike Nigeria mwaka 1980. Nafasi zilikuwa chache sana, kwani wakati huo fainali zilikuwa za timu 8 tu. Mechi ya kwanza dhidi ya Zambia, iliyochezwa hapa Dar es Salaam, tulishinda bao 1-0. Mechi ya marudiano ilichezwa Ndola mwezi Agosti. Wenyeji walitangulia kufunga, na hesabu ya mechi mbili ikawa sawasawa. Ndipo Peter Tino aliposawazisha. Mchezo ukaisha 1-1, na Tanzania ikavuka kwa jumla ya mabao 2-1.

Kule Lagos vijana wetu, wakiongozwa na nahodha Leodegar Tenga, walifungwa na wenyeji Nigeria 3-1, wakafungwa na Misri 2-1, na wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Hawakurudi na kombe. Lakini sisi tuliozaliwa miaka ile tulikua, tukasoma, tukaolewa na kuzaa, bila kuiona tena Tanzania katika fainali hizo mpaka mwaka 2019, kule Misri. Ni miaka 39. Katika muda wote huo bao la Ndola ndilo lililosimuliwa vijiweni na kwenye vinyozi.

Ukumbuke pia hali ya nchi ilivyokuwa. Vita na Idi Amin vilikuwa vimetoka kwisha. Majeshi yetu yaliingia Kampala mwezi Aprili mwaka ule ule. Kuna nyumba zilizokuwa na msiba, na nyumba nyingi zilikuwa zimefunga mkanda. Furaha ilikuwa adimu kama sabuni. Mtu aliyeileta wakati ule hakusahaulika.

Jambo la ajabu ni hili: hapa Dar es Salaam bao lile halikuonekana. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo. Vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Watu walilisikia kwa redio, wamekusanyika barazani na chini ya miti. Kijana aliyechora picha yetu, ambaye alizaliwa miaka mingi baadaye, alituambia kwamba kabla ya kushika penseli alikwenda kuwauliza wazee wa Kariakoo bao lilivyokuwa. Kila mzee alimwonyesha kwa namna yake, na wawili nusura wagombane. Basi akaamua kutolichora bao lenyewe. Amemchora mchezaji baada ya mpira kuingia wavuni, mikono imefunguka, uso umejaa mwanga. Na katika pembe ya chini, kwa mistari midogo, amechora redio juu ya kigoda na watu wameizunguka, midomo wazi. Wazee wakiitazama picha ile huanza na pembe hiyo. Mchezaji wanamtazama baadaye.

Aliichora kwa penseli, akapitisha wino, akapaka rangi, kisha akazipiga chapa nakala 50 na kutia sahihi kila moja. Ni kazi ya kijana anayejitafutia riziki, katika jiji ambalo lina desturi hiyo tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora na kuuza picha zake mwaka 1968. Na mambo ya kuwachora wachezaji si ya kwetu tu. Mwaka 1977, Pelé alipokuwa akitundika daluga, mchoraji mashuhuri wa Marekani, Andy Warhol, alitengeneza picha zake za rangi, na leo zinatunzwa kama mali. Ya kwetu tuliinunua kwa fedha ya kawaida, na fremu tukatengenezewa na fundi wa Kariakoo. Hakuna chakula cha mtoto kilichopungua.

Mguu wa Babu

Picha ile ilinunuliwa kwa ajili ya Babu, baba mzazi wa baba watoto, ambaye anaishi nasi pamoja na Bibi. Babu alikuwa fundi mitambo kiwandani. Jioni alikuwa winga wa kulia wa timu ya mtaa, iliyokuwa ikicheza kwenye viwanja vya Jangwani, bondeni hapo kati ya Upanga na Magomeni. Hakuvaa jezi ya taifa na jina lake halikutangazwa redioni. Lakini tangu alipostaafu kazi alikuwa amenyamaza. Anakula, anasali, anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Ukimuuliza habari anajibu, "Nzuri," basi. Akina mama wenye wazee au waume waliostaafu mnaijua hali hii. Mwanamume aliyezoea kuitwa fundi, mwalimu au sajini, siku moja anaamka anaitwa mstaafu, na hajui mikono yake aiweke wapi.

Picha ilipotundikwa, Babu hakusema kitu siku mbili. Siku ya tatu alihamisha kiti chake.

Miezi michache baadaye Bibi alikuwa akifua, akaona doa la majimaji kwenye soksi ya kulia ya mzee. Bibi ndiye aliyekuwa akifua jezi za timu ile ya Jangwani, jezi 11 na soksi zake, kila Jumatatu kwa miaka. Madoa ya soksi anayafahamu. Hakumuuliza mzee, alituletea soksi yenyewe mkononi.

Babu ana ugonjwa wa kisukari, na alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba ambacho hakikumuuma. Hapo tungependa tuseme kama wauguzi. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mgonjwa anaweza kukanyaga msumari asisikie. Huharibu pia mishipa ya damu, na kidonda kinachelewa kupona. Kwa hiyo kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa zaidi. Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Baada ya vipimo daktari alisema vidole viwili vimeshaoza na ni lazima viondolewe mapema, la sivyo huenda ukaondolewa mguu.

Babu alikataa. Alikataa kwa upole, kama anavyofanya mambo yake yote, lakini alikataa. Alisema ule ndio mguu aliokuwa akichezea, na hatauzika kwa vipande. Baba watoto alimbembeleza, mchungaji alikuja, sisi tukaeleza yale tunayowaeleza wagonjwa kila siku wodini. Haikusaidia. Tulihesabu siku kwa hofu, maana tumeshaona mara nyingi kidonda cha namna ile kinavyopanda.

Siku ya nne usiku mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa darasa la tano, alikaa chini ya picha akamuuliza, "Babu, siku ya bao hili wewe ulikuwa wapi?" Na Babu, ambaye kwa miaka alikuwa mtu wa neno moja, alianza kusema. Alikuwa Mtaa wa Sikukuu, kwenye baraza ya jirani mwenye redio. Walikuwa watu kama 40. Betri zilikuwa zimechoka wakazianika juani tangu asubuhi. Bao lilipoingia, mwenye redio alisimama kwa furaha akaiangusha, na dakika zilizobaki wakakaa gizani bila kujua kama Zambia wamefunga tena. Walipata matokeo kwa kelele za mtaa wa pili. Mtoto alicheka mpaka akalala chini. Kisha akauliza tena, "Na huyu alipoacha mpira, akawa nani?"

Babu alikaa kimya kidogo. Akajibu, "Akawa mtu. Mpira ni miaka kumi tu, mjukuu wangu. Mtu ni maisha."

Hatukusema neno. Asubuhi yake Babu aliomba aletewe shati la kutokea. Vidole viwili viliondolewa wiki ile, na mguu ukabaki.

Mfuko wa misiba

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi akina mama. Babu hakuwa na bima ya afya. Gharama za upasuaji, dawa na kubadilisha bandeji kwa miezi mitatu zilikuwa kubwa kuliko mishahara yetu miwili, na watoto walikuwa wanadaiwa ada. Wachezaji wenzake wa Jangwani waliobaki, wazee sita, walikuja na bahasha. Mmoja alikuja kwa daladala mbili kutoka Mbagala. Bahasha haikuwa nene, lakini ilitufedhehesha sisi wa kanisani, kwa sababu katika kikundi chetu kulikuwa na fedha wakati huo huo, zimelala. Ni fedha za mfuko wa misiba.

Desturi yetu inajulikana. Mtu akifariki tunachanga. Turubai, viti, basi, wali, maji ya chupa, sare za kitenge, hata fulana zenye picha ya marehemu. Picha inatengenezwa nzuri, na watu wanasimama mmoja mmoja kueleza wema wake. Mwenyewe hasikii. Na mara nyingi mtu huyo huyo alilala kitandani miezi, familia ikikosa fedha ya kipimo kimoja.

Tulilipeleka suala hili kikaoni. Hatukusema tusaidiwe sisi; tulisema sehemu ya mfuko iwe ya wagonjwa. Mjadala ulikuwa mkali. Mama mmoja, ambaye ni mhasibu na tunamheshimu, alisema kweli yake: msiba huja mara moja, lakini ugonjwa hauna mwisho, na mfuko utakauka kwa mgonjwa mmoja. Alikuwa na haki. Mwingine akajibu kwamba huo ndio ugumu wa upendo. Mwisho tulikubaliana theluthi moja ya michango iende kwa wagonjwa, na kila mgonjwa apewe kiasi maalumu kwa mwaka, kisizidi. Hakitoshi matibabu yote, lakini kinalipa vipimo vya kwanza, na vipimo vya kwanza vikifanyika mapema huokoa mengi.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Tumezoea kuielewa methali hiyo kama fedha anayotuzwa mchezaji ngoma uwanjani, akiwa bado anatoka jasho. Lakini kutunza ni zaidi ya kutuza. Ni kuangalia, kulisha, kuosha kidonda. Kumtuza mtu siku ya bao lake ni rahisi, kila mmoja anayo shangwe. Kumtunza akishatundika daluga ndiyo kazi, na kazi hiyo mara nyingi inaangukia mikononi mwa wanawake.

Je, ni sanamu?

Turudi kwenye swali la mwenzetu. Amri ya Mungu inakataza kusujudia, na yeyote anayekosa ibada kwa ajili ya mchezaji, au anayewapiga watoto kwa sababu timu imefungwa, ana sanamu hata kama ukuta wake ni mtupu. Lakini tusome pia kitabu cha Yoshua, sura ya 4. Wana wa Israeli walipovuka Yordani waliagizwa kuchukua mawe 12 mtoni na kuyasimamisha, ili watoto watakapouliza mawe haya ni ya nini, wazazi wapate kuwasimulia. Mawe hayakuabudiwa. Kazi yake ilikuwa kumfanya mtoto aulize na mzee ajibu.

Tunaamini picha yetu inafanya kazi hiyo. Siku ikiacha kuulizwa itakuwa pambo tu, na ikianza kuheshimiwa kuliko watu wanaokaa chini yake, tutaishusha. Watoto wetu tumewaeleza pia kwamba mpira ni kipaji kizuri, lakini goti ni la nyama na mfupa, na shule isiachwe kwa ajili yake. Babu mwenyewe ndiye anayelisisitiza hilo, huku akionyesha kiatu chake.

Bibi ana hoja yake, na hatuna jibu lililokamilika. Alisimama mbele ya fremu siku moja, mikono kiunoni, akasema, "Hawa wote wamechorwa. Mpigaji yumo, wasikilizaji wamo. Na aliyefua jezi?" Baba watoto alisema atamwita yule kijana amchore. Bibi akasema hataki kuchorwa akiwa anafua, akichorwa achorwe amekaa. Kijana ameahidi, tunamsubiri.

Akina mama wapendwa, tunaomba kila mmoja afanye mambo matatu wiki hii. Kwanza, kama nyumbani kuna mwenye kisukari, mwangalieni miguu kila siku, nyayo na katikati ya vidole. Mwosheni kwa maji ya uvuguvugu mliyoyapima kwa kiwiko, mkausheni vizuri, asitembee peku hata ndani, na kidonda chochote hata kidogo kipelekwe hospitali bila kungoja kiume. Pili, ulizeni kwenye vikundi vyenu mfuko wa misiba una kiasi gani, na wa wagonjwa una kiasi gani. Tatu, muulizeni mzee mmoja aliyestaafu alikuwa wapi siku fulani ya furaha ya nchi yetu, kisha mkae chini mmsikilize mpaka amalize. Chai ikipoa, ipasheni moto.